Wakikwambia mmea "haufi", uliza utaenda wapi

Ukisimama kununua mche kando ya barabara na muuzaji akwambie, "Huu haufi, kata vile unataka, utamea tu," usitoe simu ulipe. Uliza swali moja kwanza: kama haufi, utaenda wapi?

Siku hizi simu yangu imejaa mimea. Kila msee amegeuza balkoni kuwa msitu mdogo, na sina shida na hiyo. Nairobi inahitaji kijani. Shida yangu ni vile tunasifu hiyo mimea kwa vidio zetu. Inakua haraka. Haitaki maji mengi. Wadudu hawaigusi. Ukivunja kipande na kukidunga kwa mchanga, kinashika. Hebu soma hizo sifa tena, polepole. Ndizo hizo hizo zinazofanya mmea uwe janga siku ukiruka ua.

Na kabla mtu aniulize nimesomea wapi: niliacha kampasi, sina digrii ya mimea wala ya kitu kingine. Lakini hizi si siri za maabara. Ni mambo yametokea hapa Kenya, na watu waliolipia bado wanalipa.

Tuanze na gugumaji. Leo ukilitaja, watu wanafikiria Kisumu, boti zimekwama na wavuvi wameketi ufuoni bila kazi. Lakini angalia ua lake vizuri: zambarau hafifu, limepangika, linapendeza kabisa. Ni mmea wa Amerika Kusini, na ulizunguka dunia kwa sababu watu waliutaka kwa vidimbwi vya bustani zao. Kufikia 1990 ulikuwa umeonekana Ziwa Victoria upande wa Kenya. Maji yakiwa na mbolea ya mashamba na uchafu wa miji, linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Wameleta wadudu wa kulila, wameleta mashine za kulivuna, linapungua kisha linarudi. Mapambo ya kidimbwi, maze.

Halafu kuna lantana. Hii unaijua hata kama hujui jina: maua madogo ya manjano, pinki na rangi ya machungwa, yote kwa kichwa kimoja. Pia ilitoka Amerika, ikaletwa kama ua la bustani na la kuzungusha boma. Ndege wanakula matunda yake na kuangusha mbegu mahali wamelala. Sasa iko kando ya barabara, msituni, kwa malisho. Ng'ombe akila majani yake mengi, ini linaharibika, na ngozi yake inachomeka akisimama tu juani. Na sisi bado tunaipiga picha.

Ya tatu ndiyo inaniuma zaidi. Opuntia, ile kakitasi ya majani bapa kama sahani. Ilipandwa Laikipia, upande wa Dol Dol, enzi za ukoloni, kama ua la miiba. Tunda lake ni tamu, kwa hivyo nyani na ndovu wanalila na kusambaza mbegu mbali. Kipande kimoja kikianguka, kinatoa mizizi. Mbuzi na kondoo pia wanalifuata, hasa wakati wa ukame kukiwa hakuna kingine, na vile vimiiba vidogo vinawajaa mdomoni mpaka wanashindwa kula. Kuna sehemu za malisho ambazo leo huwezi hata kupita kwa miguu. Fikiria mchungaji wa huko. Hakuwahi kuiona ile bustani ya kwanza, hakuuliziwa maoni, na mifugo wake ndio wanalipa.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na ndiyo sababu siwezi kukubali ile ya "ni mmea wangu, ni ploti yangu." Aliyepanda anapata ua. Anayelipa ni mtu mwingine, mahali pengine, miaka thelathini baadaye.

Najua mtasema mathenge ilipandwa na wataalamu wenyewe. Kweli. Miaka ya 1980 ilipelekwa Baringo kupitia mradi wa serikali na wafadhili, nia ikiwa nzuri: kuni, kivuli, kuzuia ukame usile ardhi. Ikaziba njia na malisho. Maganda yake yana sukari, yakaharibu meno ya mbuzi, hadi wakazi wakampeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi kama ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikatangaza mathenge kuwa gugu hatari. Kama watu wenye digrii na bajeti walikosa hesabu, wewe na mimi na muuzaji wa miche tunapaswa kuwa makini zaidi, si kidogo.

Na ndiyo, mathenge inatoa makaa, na kuna familia zinakula kupitia hayo makaa. Sikatai. Lakini mtu akichoma makaa ya mti uliomeza malisho yake, hiyo si faida. Ni kuokota kilichobaki.

Sisemi kila mmea wa kigeni ni mbaya. Mahindi yalitoka Amerika. Jacaranda, zinazofanya Nairobi iwe zambarau kila Oktoba, pia. Lakini acha shamba la mahindi misimu miwili uone. Yatapotea, kwa sababu yanakuhitaji. Tofauti iko hapo: mmea unaokuhitaji unaweza kuuacha, lakini usiokuhitaji ndio utakuacha wewe na kuenda zake.

Kwa hivyo fanya hivi. Uliza jina la mmea kabla ya bei, kisha utafute kama umewahi kusumbua mahali. Ukipunguza matawi, usiyatupe mtaroni, kwa sababu mtaro unaenda mtoni na mto una safari yake. Mmea wa kidimbwi usimwagwe popote penye maji. Na kama unataka kitu kigumu kisichokufa hovyo, tuko navyo vya nyumbani: aloe zetu ziko nyingi, adenium ya sehemu kavu ina maua ya pinki kama ya harusi, na mtandamboo ni ua la miiba linalokupa matunda ya kula. Saintpaulia, yale maua madogo Wazungu wanaweka madirishani, asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya. Wao wananunua vyetu, sisi tunatafuta vya kwao.

Na nyinyi wenzangu mnaotengeneza kontenti ya mimea: mna watu wanaowasikiza kuliko afisa yeyote wa kilimo. Mkisema "haufi," watu elfu moja wananunua wikendi hiyo hiyo. Malizieni sentensi basi. Waambieni pia unafika wapi na nani ataung'oa, kwa sababu mchungaji wa Dol Dol hana hata akaunti ya kuwajibu.