Mbono wa ua mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu juu ya mbono kaburi. Mwaka 2007, nikiwa mwanafunzi, baba alifyeka muhogo (!) akapanda vipande vya mbono vilivyokatwa kwenye ua wetu, kwani tuliambiwa mafuta yake yangeendesha magari. Mavuno hayakujaza hata gunia.

Wataalamu wamekwisha kupima: asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na mibono ya Afrika karibu yote ni ya damu moja. Ugonjwa ukiingia hauchagui. Batobato kali iliyotoka Uganda miaka ya 1990 ilimaliza mihogo ya wazee wetu, mpaka zikaletwa mbegu zenye kinga.

Naiomba Wizara ya Kilimo, kabla hatujahimizwa tena kupanda, mbegu za huko kwenye asili zijaribiwe kwanza Ukiriguru.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Misungwi, Mwanza.