Unataka Kushusha Gari? Anza na Shokamzoba

Leo tuweke kompyuta kando kidogo (si mbali sana, hesabu zitakuwepo!). Huku Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Umoja na Donholm, vijana wengi wakishika pesa hununua Subaru Impreza au Toyota ya mtumba kutoka Japani, kisha jambo la pili ni kuishusha. Sina ugomvi na hilo. Gari lililoshushwa vizuri linapendeza, tena haliinami sana kwenye kona. Ugomvi wangu ni namna tunavyolishusha: fundi anakata koili moja ya springi, shokamzoba zinabaki zile zile, kazi imekwisha kabla ya chai kupoa.

Msimamo wangu ni huu: springi na shokamzoba huchaguliwa pamoja. Kama pesa hazitoshi kununua zote mbili, acha gari lilivyo.

Kwa nini? Springi hubeba uzito na kuhifadhi nguvu ya kila tuta, halafu huirudisha yote. Kazi ya kuimaliza nguvu hiyo ni ya shokamzoba, ambayo husukuma mafuta kupitia matundu madogo na kuigeuza kuwa joto. Wenzangu wa programu watanielewa: springi bila shokamzoba inayoifaa ni kitanzi kisicho na sharti la kutoka. Gurudumu linarukaruka, na gurudumu lililo hewani halisimamishi gari. Hebu fikiria hilo pale Jogoo Road matatu inapokukatia ghafla ichukue abiria, au ndani ya mtaa mtoto anapokimbilia mpira wake.

Sasa hesabu. Springi yenye koili 6 zinazofanya kazi ikikatwa 1, ugumu wake hupanda kwa asilimia 20 (6 ÷ 5 = 1.2). Ili mdundo utulie kama zamani, shokamzoba nayo inahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 10, yaani kipeuo cha pili cha 1.2. Lakini magari yetu mengi huingia nchini yakiwa yametumika. Kiwango cha KS 1515:2000 kinaruhusu hadi miaka 8. Shokamzoba imeshaanza kuchoka, nawe unaiongezea kazi! Isitoshe, springi iliyokatwa inaweza kulegea gurudumu likining'inia, ikatoka kwenye kikalio chake.

Shida ya pili ni nafasi. Tuseme gari lako lina milimita 80 za kubonyea kabla ya kugonga raba. Ukilishusha 30, umebaki na 50. Ili springi peke yake imeze kishindo kile kile, lazima iwe ngumu mara 2.56 (mraba wa 80 ÷ 50). Mgongo gani utavumilia? Ukishusha 20 tu, ni kama mara 1.8. Na faida yenyewe? Kama kitovu cha uzito kiko milimita 550 juu ya ardhi, kushusha 30 kunakiteremsha kwa asilimia 5 na kidogo. Kwa hiyo mimi nasema milimita 20 hadi 30, basi. Matuta ya mitaa yetu hayakujengwa kwa kipimo cha gari lako.

Ukiamua kununua, fuata mpangilio huu:

1. Anza na shokamzoba. Tafuta iliyotengenezwa kwa gari lililoshushwa: fupi kidogo, yenye ukinzani zaidi. Ile ya kawaida itaanza kila safari ikiwa imebonyea tayari.

2. Kisha springi ya modeli yako, iliyosukwa fupi tangu kiwandani. Usipende waya mnene bure: unene ukiongezeka kwa asilimia 10, ugumu hupanda kwa asilimia 46.

3. Badilisha kushoto na kulia pamoja. Spea za mtumba pale Grogan (Kirinyaga Road)? Springi nzima isiyo na kutu naweza kukubali. Shokamzoba ya mtumba, hapana. Uchovu wake mwingi hauonekani kwa macho.

4. Koilova za kurekebisha kwa nati ni nzuri, ila vumbi na matope ya kwetu hushika nyuzi zake usipozisafisha.

5. Impreza mbele ina strati za MacPherson, ambapo springi huizunguka shokamzoba ikiwa imebanwa. Fundi asiifungue bila kifaa cha kuibana, ikifyatuka inaua. Baada ya kazi, magurudumu yapimwe upya yanyooke, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja.

Najua jibu la mtaani: "Mbona ya fulani ilikatwa na bado inatembea?" Programu nyingi zenye kasoro hutembea pia, mpaka siku mtu anapobonyeza mahali ambapo hapakutarajiwa. Tofauti ni kwamba programu ikianguka unaiwasha tena. Weka akiba miezi miwili mitatu zaidi, ununue seti kamili. Gari litakungoja.