Jeraha Dogo Si Hatari Ndogo

Vali ya aota ni mlango wa moyo upitishao damu kwenda kwenye mshipa mkuu uisambazao mwilini. Uzeeni, chokaa huweza kujilimbikiza katika vali hiyo hata ikakakamaa, na moyo ukataabika kuisukuma damu.

Kwa miaka mingi tiba ya kuibadilisha ilikuwa moja tu: kupasua kifua, kuusimamisha moyo huku mashine ikifanya kazi yake, na kushona vali mpya. Wazee wengi dhaifu hawakuweza kuistahimili. Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Dakta Alain Cribier alipitisha vali iliyokunjwa katika mshipa wa damu wa kinena kwa mrija mwembamba, akaikunjua ndani ya vali mbovu ya mgonjwa. Kifua hakikupasuliwa.

Wako wadhanio kwamba jeraha likiwa dogo, hatari nayo ni ndogo. Sivyo. Mrija waweza kuchana mshipa. Chembe za chokaa zaweza kubanduka na kwenda ubongoni, zikaleta kiharusi. Damu yaweza kuvuja pembeni mwa vali mpya. Tena vali hiyo yaweza kubana njia za umeme wa moyo, mgonjwa akahitaji kifaa cha kuongoza mapigo.

Je, tiba hii basi ni mbaya? Tulitazame jaribio la PARTNER, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2010. Wagonjwa 358 wasioweza kupasuliwa kifua waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Katika siku 30 za mwanzo, kiharusi kikubwa kiliwapata asilimia 5.0 ya waliopangiwa vali mpya, na asilimia 1.1 ya waliopangiwa tiba ya kawaida. Lakini baada ya mwaka mmoja walikuwa wamekufa asilimia 30.7 ya kundi la kwanza, na asilimia 50.7 ya kundi la pili. Atajaye viharusi peke yake hututisha. Atajaye vifo peke yake hutuficha gharama. Haki ni kutaja vyote viwili.

Wala jibu la kundi moja si jibu la wote. Mwaka 2019 jaribio jingine liliwahusu wagonjwa wenye nguvu zaidi. Vifo, viharusi na kurudishwa hospitali, vikihesabiwa pamoja, viliwapata katika mwaka mmoja asilimia 8.5 ya waliotibiwa kwa mrija, na asilimia 15.1 ya waliopasuliwa. Matokeo ya miaka mitano, yaliyotolewa mwaka 2023, yalikuwa asilimia 22.8 kwa 27.2, tofauti ambayo yaweza kuwa imeletwa na bahati tu. Kwa mtu wa miaka 60, tofauti na mzee wa miaka 85, swali kubwa ni vali itadumu muda gani.

Yafaa basi walimu wawazoeze wanafunzi kuuliza mambo matatu kila isifiwapo tiba mpya: imelinganishwa na nini, kwa wagonjwa gani, na baada ya muda gani? Ukubwa wa kovu haulijibu hata moja.