Kopa kwa Hati, Lipa kwa Risiti

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Hakuna askari asiyeujua msemo huo. Hata hivyo, shule zinapofunguliwa na karo inapodaiwa, harusi huonekana karibu na matanga huonekana mbali.

Msomaji na achukue mfano wa konstebo mmoja nchini Uganda. Kazi imempeleka wilaya ya mbali. Mkewe na watoto watatu wanakaa katika nyumba yao ya vyumba viwili, juu ya kiwanja walichokinunua kwa akiba ya miaka mingi. Muhula wa kwanza ulipokaribia, konstebo alikwenda kwa mkopeshaji mmoja karibu na kambi, akapewa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Mkopeshaji alichukua kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Kisha akamwekea karatasi mezani. "Tia sahihi hapa, afande. Ni desturi tu."

Konstebo alitia sahihi bila kusoma. Kwa miezi mitano mkopeshaji akawa anatoa shilingi 200,000 katika mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Jumla ikawa shilingi 1,000,000, na zote zilihesabiwa kuwa riba. Deni lenyewe lilibaki vile vile, kama jiwe mtoni. Mwezi wa sita mkopeshaji alifika nyumbani akiwa na mtu mwenye kamba ya kupimia ardhi. Mke alimpigia mumewe simu.

"Baba watoto, kiwanja umekiuza lini?"

"Sikuuza, mama. Nilikopa."

"Karatasi aliyonayo huyu bwana yasema umeuza, na sahihi ni yako."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mashauri mengi ya madeni hayaletwi na ubaya wa watu peke yake. Huletwa na tofauti kati ya maneno yaliyosemwa na maneno yaliyoandikwa. Mahakama haikuwapo siku ya kukopeshana. Itakachokisoma kwanza ni karatasi, na yule anayesema kwamba karatasi haisemi kweli ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha. Konstebo huyu hana risiti, hana nakala, wala hana shahidi.

Hata hivyo sheria haikumwacha mtupu. Sheria ya Taasisi Ndogo za Fedha na Wakopeshaji ya mwaka 2016 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha fedha awe na leseni. Leseni hiyo huisha tarehe 31 Desemba ya kila mwaka. Kwa hivyo leseni ya mwaka jana si leseni. Anayekopesha kama biashara pasipo leseni hutenda kosa, na akienda mahakamani kudai riba yake aweza kukuta mlango umefungwa. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kikomo cha riba kwa wakopeshaji: asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, shilingi 1,000,000 huzaa riba ya shilingi 28,000 kwa mwezi, yaani 140,000 kwa miezi mitano. Konstebo alitozwa mara saba na zaidi.

Tena, kanuni za mwaka 2018 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinamkataza mkopeshaji kushika rehani kitambulisho cha taifa, pasipoti, kitambulisho cha kazi cha askari, kadi ya benki au namba ya siri. Askari anayeacha kadi yake kwa mkopeshaji amempa ufunguo wa ghala na kumwomba ajipimie mwenyewe.

Na kiwanja je? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, haimruhusu mume wala mke kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inakaa bila ridhaa ya mwenzake iliyotolewa kabla. Mke wa konstebo hakuulizwa. Basi ana haki ya kusimama mbele ya mahakama na kusema hivyo, na yafaa aseme mapema, kabla ya mnunuzi kuanza kuchimba msingi.

Hayo ndiyo ya mkopaji. Sasa yafuate ya mkopeshaji, maana katika kambi hawakosekani askari wenye akiba wanaoombwa msaada na wenzao.

Sajini mmoja mstaafu alimkopesha rafiki yake mfanyabiashara shilingi 6,000,000 kutoka kiinua mgongo chake. Mtu anayemkopesha rafiki mara moja hafanyi biashara ya kukopesha, wala hahitaji leseni. Lakini anayewakopesha wenzake kila mwezi kwa riba na kuandika majina yao katika daftari, huyo ni mfanyabiashara, hata akiwa amevaa sare. Sajini hakuwa wa namna hiyo. Alipewa hundi yenye tarehe ya miezi mitatu mbele. Siku ilipofika alipeleka hundi benki, nayo ikarudishwa: akaunti haikuwa na fedha za kutosha.

Sajini alitaka kumwendea kijana wake wa zamani katika kituo cha polisi, ili mfanyabiashara awekwe ndani mpaka alipe. Mkewe ndiye aliyemzuia. "Baba, unataka fedha zako, au unataka yule kijana apoteze kazi?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Kudaiwa si kosa la jinai. Deni ni shauri la madai, na polisi hakuajiriwa kukusanya madeni ya raia. Ni kweli kwamba kutoa hundi kwa hila, hali mtoaji ajua kwamba akaunti haina fedha, kwaweza kuwa kosa chini ya sheria ya makosa ya jinai. Lakini hapo kazi ya polisi ni kupeleleza na kulifikisha jalada kwa mwendesha mashtaka. Kumshika mtu rumande na kumwachilia akishalipa si upelelezi. Vile vile, anayepokea hundi huku akiambiwa kwamba fedha hazijaingia bado, ni vigumu kwake kusema baadaye kwamba alidanganywa. Alichopokea ni ahadi, si fedha.

Njia ya sajini ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Aiweke salama hundi ile pamoja na karatasi ya benki inayotaja sababu ya kurudishwa. Amwandikie mdaiwa barua ya madai na kumpa siku 14 za kulipa, naye abaki na nakala. Zikipita bila malipo, aende kwenye mahakama yenye utaratibu wa madai madogo. Utaratibu huo uliwekwa kwa kanuni za mwaka 2011 kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, nao hauhitaji wakili. Mdai na mdaiwa husimama wenyewe na kusema yaliyo kweli. Jambo moja tu asilisahau: madai ya mkataba huzeeka. Ikipita miaka 6 tangu deni lilipopaswa kulipwa, sheria humfungia mdai mlango.

Kwa upande wa mdaiwa, kosa kubwa kuliko yote ni kuificha samansi chini ya godoro. Wengi hudhani kwamba wasipokwenda shauri litakufa. Haliwi hivyo. Katika shauri la kawaida mdaiwa ana siku 15 za kupeleka majibu yake. Na pale mdai anapofuata njia ya mkato, kama wafanyavyo wengi wenye hundi iliyorudishwa, mdaiwa lazima kwanza aombe ruhusa ya kujitetea ndani ya siku zilizoandikwa katika hati. Akinyamaza, mahakama huweza kutoa hukumu kwa maneno ya upande mmoja. Hata mwenye utetezi mzuri hushindwa kwa kimya chake. Askari aliye safarini na amwambie mkewe mapema: karatasi yoyote ya mahakama ikifika, nipigie simu siku hiyo hiyo.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba askari hawakosi mahali pa kukopa. Wanajeshi wana Wazalendo SACCO, na polisi wana Exodus SACCO. Huko masharti huandikwa na malipo huhesabiwa. Subira ya siku chache katika foleni ni nafuu kuliko fedha za haraka za mtaani.

Nyumba inayotaka amani na ijiwekee desturi hizi. Mume na mke wazungumze kabla ya kukopa. Leseni ya mkopeshaji isomwe tarehe yake. Mapatano yataje kiasi kilichotolewa kweli, riba na siku ya kulipa, nayo yasainiwe mbele ya shahidi, kila upande ukipewa nakala. Mkopo uandikwe mkopo, usiandikwe mauzo. Hundi tupu isitiwe sahihi. Kila malipo yapewe risiti.

Tukirudi kwa konstebo: mkewe akisimama imara, kiwanja chaweza kuokoka. Lakini konstebo bado alipokea shilingi 1,000,000, na karo ya watoto ililipwa kwa fedha hizo. Sheria humkinga na unyonyaji, haimfundishi dhuluma. Anachopaswa kukitafuta ni hesabu ya haki: alipokea kiasi gani, na mkopeshaji ameshachukua kiasi gani. Taarifa ya benki itaonyesha kila shilingi iliyotoka. Aiombe leo, wala asingoje siku ya shauri. Dawa ya deni ni kulipa, nayo dawa hupimwa.