Straika mzawa: Mzize kapenya, wengine wako wapi?

TAIFA Stars ilishuka dimbani Jumamosi ya Agosti 2, 2025, kwa Mkapa, kufungua fainali za CHAN 2024 dhidi ya Burkina Faso. Sheria ya mashindano haya inajulikana: anacheza yule tu anayekipiga kwenye ligi ya nchi yake. Maana yake Mbwana Samatta hakuwemo, Simon Msuva hakuwemo, na mabao yalitafutwa na washambuliaji ambao mashabiki waliwaona wiki hadi wiki kwenye Ligi Kuu Bara.

Hapo ndipo shughuli ilipoanzia. Kwenye vigogo viwili vya Kariakoo, Yanga na Simba, ukiuliza wakati huo ni mzawa gani aliyegombea namba tisa na kuipata, jibu lilikuwa moja: Clement Mzize. Ukiuliza wa pili, watu walianza kuangaliana.

Stars ilikuwa imeshacheza CHAN mara mbili, 2009 kule Ivory Coast na ile ya 2020 iliyochezwa Cameroon mwanzoni mwa 2021. Mara zote mbili iliishia hatua ya makundi. Katika mechi hizo sita ilifunga mabao matano tu. Safari hiyo ilikuwa nyumbani, kundi moja na Burkina Faso, Madagascar, Mauritania na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na hakukuwa na shabiki ambaye angekubali kusikia tena hadithi ya "tumecheza vizuri ila tumekosa umaliziaji".

Ndiyo maana vita ya namba kwenye safu ya ushambuliaji ya Yanga msimu wa 2024/25 haikuwahusu Wanajangwani peke yao. Ilikuwa pia vita ya Stars, hata kama wengi hawakuiona hivyo.

KITI CHA MAYELE

Ili kumwelewa Mzize, inabidi kurudi Julai 2023. Fiston Mayele alikuwa ametoka kufunga mabao 17 ya ligi, akagawana kiatu cha dhahabu na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na akaibeba Yanga hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kisha akatimkia Pyramids ya Misri. Kiti kikabaki wazi.

Yanga ilienda sokoni. Akaletwa Hafiz Konkoni kutoka Bechem United ya Ghana. Hakumaliza msimu. Januari 2024 akaja Joseph Guede, raia wa Ivory Coast. Huyu alijitahidi, na Aprili 20 alimfunga Simba kwenye ushindi wa mabao 2-1, bao ambalo kwa Mwananchi lina uzito wake. Msimu ulipoisha naye akaondoka. Muda wote huo Mzambia Kennedy Musonda alikuwepo kikosini, akianza leo na kukaa benchi kesho.

Katikati ya msururu huo alikuwepo kijana aliyepandishwa kutoka timu ya vijana wakati wa Nasreddine Nabi. Hakusajiliwa kwa mbwembwe, hakupokelewa uwanja wa ndege, hakuna aliyemshonea jezi maalumu. Kila dirisha lilipofunguliwa, swali lilikuwa lile lile: huyu mgeni mpya akija, Mzize atakaa wapi?

Yanga ya Miguel Gamondi ilibeba ubingwa wa 2023/24 bila namba tisa wa kutisha. Mabao yalitoka nyuma ya straika. Stephane Aziz Ki, kiungo, alimaliza na 21 na kuwa Mfungaji Bora. Wapo walioanza kusema Yanga haihitaji tena mtu wa kumalizia. Uongozi haukukubaliana nao.

DUBE AJA, MZIZE ABAKI

Kiangazi cha 2024 Yanga ilifanya usajili wa kuwanyamazisha watani. Prince Dube kutoka Azam, Clatous Chama kutoka Simba, na Jean Baleke, Mkongomani aliyewahi kucheka na nyavu akiwa Msimbazi. Ukiwaweka pamoja na Musonda na Mzize, nafasi moja ya mbele ilikuwa inagombewa na watu wanne.

Kwa karatasi, Dube alikuwa mbele ya wote. Mzimbabwe huyo alikuwa Azam tangu 2020, anaijua ligi, anawajua mabeki, anajua viwanja vyetu vinavyodunda. Lakini mpira hauchezwi kwenye karatasi. Wiki zilipita, miezi ikapita, na kwenye ligi nyavu zikawa hazitaki kutikisika kwa mguu wake. Alikuwa anafika eneo sahihi, anakosa. Mashabiki walianza kumhesabia mechi.

Novemba mambo yakachafuka zaidi. Yanga ikafungwa 1-0 na Azam, kisha 3-1 na Tabora United, na Gamondi akafungashiwa virago. Akaja Sead Ramovic na soka la kasi ambalo mashabiki walilibatiza "gusa achia twende kwao".

Mabadiliko ya kocha huwa yanafuta madeni ya zamani. Kila mtu anaanza sifuri. Dube alilitumia hilo. Desemba aliisawazishia Yanga dakika za jioni kabisa ugenini kwa TP Mazembe, na siku chache baadaye akaifunga Mashujaa mabao matatu peke yake katika ushindi wa 3-2. Yalikuwa mabao yake ya kwanza ya ligi akiwa na jezi ya kijani na njano. Kuanzia hapo akawa mtu mwingine.

Kwa hesabu ya kawaida, Dube akiwaka Mzize anazimika. Haikuwa hivyo. Januari 4, 2025, TP Mazembe walipokuja Dar es Salaam, Mzize aliwafunga mara mbili Yanga iliposhinda 3-1. Ramovic akaondoka Februari, akaja Miloud Hamdi, na namba ya Mzize ikabaki pale pale. Msimu ulipofungwa alikuwa na mabao 14 ya ligi, Dube 13. Mmoja wa mabao hayo 14 aliufunga Juni 25 dhidi ya Simba, mechi iliyoisha 2-0 na kuipa Yanga ubingwa wa nne mfululizo, wa 31 katika historia yake.

Baleke hakumaliza msimu. Musonda alibaki kuwa mtu wa kuingia.

KAZI ISIYOHESABIWA

Kwa nini yeye? Jibu rahisi ni mabao, lakini mabao yalikuja mwishoni. Miaka miwili ya kwanza Mzize hakuwa anafunga kiasi hicho, tena mashabiki walimzomea kwa nafasi alizopoteza. Makocha wanne tofauti, wenye mitindo tofauti, hawakumtupa. Wote waliona kitu.

Kitu chenyewe ni hiki. Mzize anakaba akiwa mbele. Beki wa kati akipokea mpira kutoka kwa kipa wake, huyu jamaa tayari yupo njiani. Timu inayotaka kunyang'anya mpira juu haiwezi kuishi na straika anayetembea, hata awe mmaliziaji wa namna gani. Kwenye soka la Ramovic hiyo ndiyo ilikuwa tiketi ya kuingia kikosini.

La pili, ana kasi na nguvu ya kukimbilia nyuma ya mabeki. Timu nyingi za Bara zikikutana na Yanga zinajaza watu nyuma, lakini zikithubutu kupanda tu, pasi moja ndefu inatosha. Mbio hizo zinawavuta mabeki na kuwaachia akina Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli uwanja wa kucheza. Kwenye jedwali la wafungaji kazi hiyo haina safu yake.

La tatu, na pengine kubwa kuliko yote, alikubali kwenda pembeni. Dube alipokuwa wa moto, Mzize alicheza akitokea winga na kuingia ndani, na benchi likapata njia ya kuwatumia wote wawili kwa pamoja. Mastraika wengi wa hapa nyumbani wakiambiwa waende pembeni wanaona wameshushwa cheo. Yeye aliona dakika 90.

Matokeo yake Yanga ikapata mabao 27 ya ligi kutoka kwa watu wawili waliosajiliwa na kukuzwa kugombea nafasi moja. Ushindani wa namba ukiendeshwa vizuri hauui mtu. Unazalisha.

WENGINE WAKO WAPI?

Hapo sasa ndipo furaha inapoishia. Mzize ni mmoja, na orodha ya Wafungaji Bora inasema mengi. Msimu wa 2016/17 wazawa wawili, Simon Msuva na Abdulrahman Mussa, walifungana kwa mabao 14. Baada yao akaja Emmanuel Okwi, kisha Meddie Kagere misimu miwili mfululizo. John Bocco akarudisha heshima 2020/21 kwa mabao 16, na 2021/22 George Mpole wa Geita Gold akafunga 17, akimwacha Mayele kwa bao moja.

Baada ya Mpole, hadi msimu wa 2024/25, hakukuwa na mzawa tena. Mayele na Saido, kisha Aziz Ki, na msimu wa 2024/25 Jean Charles Ahoua wa Simba kwa mabao yake 16. Mzize alikosa kiatu kwa mabao mawili.

Wengi wanaitazama orodha hiyo na kukimbilia jibu moja: wageni wamezidi, kanuni inayoruhusu klabu kusajili wageni 12 ipunguzwe. Hoja hiyo ina ukweli wake. Simba msimu wa 2024/25 namba tisa walipokezana Mganda Steven Mukwala na Mcameroon Leonel Ateba, na kinda kama Valentino Mashaka alikuwa akisubiri makombo ya dakika. Singida Black Stars nao walipotaka mabao Januari walimleta Mghana Jonathan Sowah.

Lakini mfano wa Mpole unapaswa kuwafanya watu wafikiri mara mbili. Alikuwa mfungaji bora wakati Mayele yupo, wageni wapo, na kanuni ipo. Tofauti yake ni kwamba alikuwa Geita, timu ambayo ilimpanga kila wiki, akikosa leo anapangwa tena Jumamosi. Abdul Suleiman 'Sopu' naye aliifunga Yanga mabao matatu kwenye fainali ya Kombe la FA 2022 akiwa Coastal Union, siyo akiwa kwa vigogo. Straika anatengenezwa na mechi. Anahitaji kukosa, kulala na machungu yake, na kurudi uwanjani wiki inayofuata kusahihisha.

Tatizo linaanza pale kijana anapofunga mabao saba au manane kwenye timu ya mkoani, anachukuliwa na kigogo, anapewa jezi na picha ya utambulisho, kisha anapotea benchi. Mwaka mmoja wa kukaa unamnyang'anya straika kitu ambacho mazoezi hayakirudishi. Akija kutolewa kwa mkopo ameshapoa, na timu ya mkoani imeshapata mtu mwingine.

Mzize alinusurika kwa sababu Yanga, kwa kupenda au kwa kulazimika, iliendelea kumpa dakika hata alipokuwa anakosa. Konkoni aliposhindwa, dakika zikawepo. Mayele alipoondoka, zikawepo. Ni bahati kiasi, na ni uvumilivu wa mabenchi ya ufundi kiasi. Kijana mwenye kipaji kama chake aliyeko klabu nyingine hana uhakika wa kupata vyote viwili.

KUANZIA HAPA

Kwa Yanga, vita ilianza upya mwaka 2025. Alikuja kocha mwingine, Mfaransa Romain Folz, na madeni yakafutwa tena. Aziz Ki alikuwa ameshaenda Wydad ya Morocco, kwa hiyo safu nzima ya mbele ilikuwa inapangwa upya na kila aliyesajiliwa alikuja na hamu ya namba. Jina la Mzize nalo lilikuwa likitajwa kwenye klabu za nje, na siku ambayo angeondoka, Yanga ingemlilia kwa mabao yake. Stars ya CHAN ingemlilia zaidi, maana siku hiyo hiyo angekuwa hana sifa ya kucheza mashindano haya.

Kwa kocha wa wakati huo, Hemed Suleiman 'Morocco', hesabu ilikuwa ya hapo hapo. Alikuwa na Mzize, alikuwa na akina Sopu, alikuwa na Feisal Salum wa kuwalisha kutoka kati, kiungo aliyefunga mabao 19 ya ligi msimu wa 2023/24. Burkina Faso walitarajiwa kuja kukaba kwa miili. Walitarajiwa kumgonga Mzize dakika ya kwanza ili waone kama angerudi dakika ya pili. Kwa aliyeshindana na wageni watano kugombea jezi moja, hilo halikupaswa kuwa geni.

Klabu nazo zina la kufanya, na halihitaji kanuni mpya. Kijana asiyepata dakika atolewe kwa mkopo Agosti, asisubirishwe hadi Januari. Mechi za Kombe la FA za raundi za mwanzo wapewe wao, wazicheze dakika zote. Na anapokosa nafasi tatu, asitolewe kipindi cha kwanza kuwafurahisha wa jukwaani, kwa sababu Dube alikosa nyingi kuliko hizo kabla ya Mashujaa, na mgeni huyo alivumiliwa hadi Desemba.