Besi wa Texas: Samaki hurudishwa majini, kiota hulindwa na nani?

KILA mwaka, kati ya Februari na Mei, maziwa ya jimbo la Texas nchini Marekani hushuhudia biashara ya aina yake. Wavuvi wa burudani huwalipa waongozaji wenye boti ili wawapeleke walipo besi wa mdomo mkubwa, samaki wa maji baridi ambaye Kenya nayo inamfahamu tangu alipopandikizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929. Wateja wengi hawatafuti kitoweo. Wanachokinunua ni nafasi ya kumnasa samaki mkubwa kuliko wote waliowahi kumshika, kupiga naye picha, kisha kumrudisha ziwani.

Msimu huo haukuchaguliwa kwa bahati. Joto la maji linapokaribia nyuzi 16 za Selsiasi, besi huacha vilindi na kusogea kwenye kina kifupi ili kutaga. Dume hufagia kiota kwa mkia wake. Jike hutaga maelfu ya mayai na kuondoka, na dume hubaki akilinda mayai, na baadaye vifaranga. Kwa kuwa majike ndio wanaokua zaidi, karibu kila besi wa kujivunia ni jike, na uzito wake hufikia kilele akiwa na mayai tumboni. Wakati huo huo, ndipo anapokaa karibu na ufuko, akionekana kwa macho.

Je, ni halali kumvua samaki katika hali hiyo? Jibu la Texas ni ndiyo, na serikali ya jimbo hilo ina hoja ya kuitetea. Novemba 1986, mwongozaji mmoja wa Ziwa Fork alinasa besi wa takriban kilo 8, akamkabidhi kwa mamlaka ya wanyamapori. Tukio hilo lilifungua mpango wa ShareLunker, ambao hadi leo huwaomba wavuvi waikopeshe serikali besi wenye uzito wa kuanzia kilo 5.9, walionaswa kati ya Januari na Machi, ili watage katika kituo cha Athens kabla ya kurudishwa walikotoka. Katika Ziwa Fork, sheria pia imelazimu besi wote wenye urefu wa kati ya sentimita 41 na 61 waachwe. Rekodi ya jimbo, besi wa kilo 8.25, ilipatikana katika ziwa hilo hilo Januari 1992.

Aidha, wataalamu wa majimbo ya kusini hueleza kuwa msimu wa kutaga huko ni mrefu, na kwamba idadi ya vifaranga wanaofikia utu uzima hutegemea zaidi chakula, kina cha maji na majani ya kujificha kuliko wingi wa viota.

Hata hivyo, hoja hiyo haimalizi suala. Kumrudisha samaki si sawa na kukirudisha kiota katika hali yake. Tafiti zilizofanywa katika maziwa ya Ontario, Kanada, zimeonyesha kuwa dume akiondolewa, hata kwa muda mfupi, samaki wadogo huvamia mayai, na akicheleweshwa mno huweza kukitelekeza kiota kabisa. Ndiyo maana Ontario, ambako majira ya joto ni mafupi na nafasi ya kutaga upya ni finyu, hufunga uvuvi wa besi wakati wa kutaga katika maeneo yake mengi. New York imechukua njia ya kati: kuanzia Desemba 1 hadi Juni 14 huruhusu kumnasa besi na kumwachia, kwa chambo bandia tu.

Tamaa ya rekodi huongeza uzito wa jambo hili. Machi 2006, katika Ziwa dogo la Dixon huko California, mvuvi mmoja alimnasa jike wa takriban kilo 11.4, kupita rekodi ya dunia ya kilo 10.1 iliyodumu tangu 1932. Ndoana ilikuwa imemchoma ubavuni badala ya mdomoni, hivyo aliachiwa na rekodi haikuombwa. Samaki huyo aliyekuwa akifahamika kwa doa lake alikutwa amekufa Mei 2008.

Kwa vyovyote vile, sheria hupima urefu na idadi ya samaki wanaochukuliwa. Haipimi ni mara ngapi kiota kimoja kimesumbuliwa kwa siku. Anayelijua hilo ni mwongozaji, ambaye huweza kupita kwenye ghuba ile ile asubuhi na jioni, akiwa na wateja tofauti. Ni yeye anayeweza kuamua kuwatafuta majike kabla hawajapanda viotani, kumwachia dume papo hapo juu ya kiota chake, na kuziacha baadhi ya ghuba zipumzike.

Uamuzi huo una gharama, kwa sababu mteja aliyelipia siku moja hataki kusikia habari za mwaka ujao. Lakini wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mwongozaji ndiye atakayerudi ziwani msimu ujao kutafuta riziki, na kwake kiota ni mtaji.