Umemeza Piriton? Mwambie daktari wa usingizi

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Kuna jambo huku kwetu Handeni na Korogwe kila mtu analijua ila akifika hospitali halisemi: dawa za aleji tunazojinunulia dukani bila cheti, halafu tunapanda nazo kwenye meza ya upasuaji kimya kimya.

Tukumbuke tulikotoka. Enzi za klorokwini, kabla haijaondolewa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, wengi wakiimeza mwili mzima unawasha. Kituliza muwasho? Piriton. Mpaka leo watu wanaichukulia kama chumvi. Chafya, Piriton. Vumbi la mkonge, Piriton. Mtoto halali, eti Piriton! Tumesahau kuwa nayo ni dawa.

Sasa upasuaji umesogea. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilikarabati vituo vya afya vingi nchini ili mama apasuliwe hapo hapo akipata dharura ya uzazi. Zamani vijiji vingi kesi hiyo ilimaanisha safari ya hospitali ya wilaya, au Bombo kabisa, Tanga mjini. Ni hatua nzuri, nani atabisha? Ila kadiri kisu kinavyosogea karibu na duka la dawa, ndivyo vinavyokutana ndani ya mwili wako.

Tuchambue taratibu.

Kwanza, Piriton na Phenergan zinaleta usingizi. Zikikutana na dawa za nusu kaputi, usingizi unaweza kuzidi na kuamka kukawa kuzito. Setirizini hailewesha sana, na mara nyingi daktari anakuruhusu uendelee nayo, lakini aruhusu yeye. Na wale wanaomeza "kwa tahadhari tu", sikilizeni: kidonge cha aleji hakizuii ule mshtuko mkubwa wa mzio, pumzi inabana na presha inashuka ghafla. Dawa ya kwanza ya huo ni sindano ya adrenalini.

Pili, prednisoloni. Hii ndiyo inanitisha zaidi. Mtu anaimeza wiki kwa wiki kwa ajili ya ngozi au kifua. Mwili unabweteka, unapunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Ukiiacha ghafla, au ukipasuliwa daktari hajui, presha inaweza kuporomoka mezani. Kwa hiyo usiiache kimya kimya na usiifiche.

Tatu, aleji yenyewe. Kabla ya upasuaji mara nyingi unachomwa antibiotiki. Kama penisilini iliwahi kukuvimbisha, au ulibabuka ngozi enzi za Fansidar, au glavu za mpira zinakuwasha, sema kabla hujalazwa usingizi. Ukishalala utasemaje?

Kwa nini watu hawasemi? Mimi nakataa kuuita ujinga. Mtu anaogopa kufokewa, "nani kakutuma ununue dawa?" Anaogopa kuahirishiwa wakati nauli ameikopa na watoto amewaacha kwa jirani. Nilimsindikiza shangazi yangu hospitali moja, siitaji. Aliulizwa jina, umri na alikula saa ngapi. Dawa, kimya. Nilipozitaja mimi nikajibiwa "hayo tutaongea baadaye". Mpaka anaingia thieta hiyo baadaye haikufika. Alitoka salama, Mungu ashukuriwe, lakini bahati sio utaratibu.

Na utaratibu upo! Novemba 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilishtuka. Kipindi hicho hicho hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa moja ya hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya maswali ya Shirika la Afya Duniani. Kabla ya usingizi timu inauliza kwa sauti: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, ana aleji gani? Matokeo yalitoka Januari 2009: kwa hospitali zote 8 pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Yaani Watanzania tulikuwa ndani ya jaribio lenyewe. Karatasi moja na dakika chache. Haihitaji mfadhili wala mashine ya mamilioni. Hospitali ikikosa CT-scan tutaelewa, lakini ikikosa swali?

Upande wetu, andika kwenye daftari lako la matibabu kila unachomeza, dawa za kienyeji zikiwemo. Beba na maboksi yake. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Usipoulizwa, omba kuonana na mtu wa usingizi umwambie mwenyewe. Akikufokea, afadhali ufokewe ukiwa macho.

Mnasemaje wadau? Wewe au ndugu yako mlipopasuliwa, mliulizwa kuhusu dawa na aleji? Andikeni hapo chini, wauguzi pia mtuambie upande wenu.

Nawasilisha.